Neno la Mwenye Nyumba

Kiti cha Bi Jokha kiliachwa wazi mstari wa mbele. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umefurika, watu wengine wamesimama hadi kwenye meza ya chai, lakini hakuna aliyethubutu kukikalia. Félicien Ciza alikuwa safu ya nyuma, koti lake bado linachuruzika maji ya mvua, naye hakukiondolea macho kiti kile tangu alipoingia.

Wakazi wa Barabara ya Yewcroft, pale Acocks Green mjini Birmingham, walikuwa wamekuja kugombana kwa adabu. Hoja ilikuwa moja: nyumba zao kuukuu za matofali mekundu, zenye vioo vya rangi juu ya milango, zitangazwe kuwa eneo la hifadhi au ziachwe kama zilivyo? Zikitangazwa, mtu hangeweza kubomoa ukuta wala kung'oa dirisha bila kibali cha halmashauri. Bi Ushma, mwenyekiti wa wakazi, alitaka zitangazwe jana. Bwana Ngugi, Mkenya mwenye nyumba za kupangisha mtaani hapo, hakutaka hata kulisikia jambo lenyewe.

"Wapangaji wangu wanalala na makoti," alisema Ngugi. "Nikitaka kuwawekea madirisha ya plastiki, nikampigie nani magoti? Historia haipashi chumba joto."

Watu wakacheka, hata wale wa upande wa Ushma. Ciza hakucheka, maana yeye hakuja kwa ajili ya madirisha.

Alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, mzaliwa wa Bukavu, na ofisi yake ilikuwa juu ya karakana moja huko Digbeth. Kazi yake ilikuwa kutafuta watu: waliopotea, na wale waliojipoteza kwa makusudi. Aliyemwajiri safari hii alikuwa ameketi ubavuni pake, amejitanda mtandio wa kahawia. Huyo ni Bi Zainab, mama wa Kizanzibari ambaye ulimi wake haujui likizo. Alichomwomba kilikuwa kifupi, tena cha kutisha. "Nenda ukamwone rafiki yangu kwa macho yako, kisha uniambie kama yu hai."

Rafiki mwenyewe ndiye Bi Jokha, mwenye nyumba ya pembeni, kubwa na nzuri kuliko zote mtaani. Kabla ya msiba, ni yeye na Zainab waliopita mlango kwa mlango kuwashawishi majirani waiunge mkono hifadhi. Kisha mumewe, Mzee Makungu, akafariki mwishoni mwa kiangazi, naye Bi Jokha akaingia eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa Kiislamu hutulia nyumbani kumwomboleza mumewe. Abdulnasir, mtoto wa marehemu kaka yake, alihamia humo na mkewe Asmahan ili wamtunze. Watu walimsifu kijana. Ila tangu hapo mlango ulifungwa, na haukufunguliwa tena kwa mwanamke yeyote aliyekuja kumfariji.

"Eda si jela," alinong'ona Bi Zainab. "Mjane hatoki, lakini wanawake wenziwe huingia. Mie nimekwenda mara ngapi sijui, narudishwa kama ombaomba."

Ciza alikuwa hajamjibu wakati Abdulnasir aliposimama. Alikuwa peke yake. Mkewe, alisema, ana mafua. Kijana nadhifu, mwenye sauti ya upole na koti la bei. Akasogea mbele, akaiweka simu yake juu ya kile kiti kitupu, akasogeza kipaza sauti karibu nayo.

"Shangazi yangu hawezi kuja," alisema kwa Kiingereza. "Lakini nyumba ni yake, na ana haki ya kusikika."

Simu ikakoroma kidogo, kisha sauti ya mwanamke mzee ikaujaza ukumbi, nzito, ya polepole, kila neno limeburutwa.

"Mimi Jokha. Mume wangu amekufa ndani ya nyumba ile, na mimi nimeichoka. Msiiwekee ulinzi wowote. Iacheni ibomolewe."

Watu mia nzima walikuwa wanakitazama kiti kitupu kinachozungumza, na Ciza akahisi ubaridi ukimpanda shingoni ambao haukuwa wa koti lake bichi. Ndipo bibi mmoja wa Kiingereza, mwembamba, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, akainuka upande wa dirishani. Alikuwa Rita, jirani ambaye nyumba yake imeshikana ukuta na ya Bi Jokha.

"Basi hata mimi nitauza," alisema Rita. "Siwezi tena kulala na kile kinachogonga ukutani."

Ofisa wa halmashauri akaeleza kwamba mpaka wa hifadhi ulikuwa bado haujachorwa. Ikiwa wenye nyumba zile mbili za pembeni hawataki, kamati ingeweza kuziacha nje. Ikiziacha nje, kuna kampuni ya ujenzi iliyokwisha onyesha ramani ya ghorofa. Kamati ingekutana wiki ijayo.

"Sauti ilikuwa yake?" aliuliza Ciza walipokuwa wakitoka.

"Kama yake. Lakini maneno si yake, wallahi. Ile nyumba Jokha aliipenda kuliko alivyompenda Makungu, na Makungu mwenyewe akijua." Bi Zainab akamtupia Ngugi jicho kali. "Mtazame yule anavyochekelea. Mie namshuku yeye. Kamnunua kijana."

Ciza akamfuata Ngugi hadi garini. Ngugi hakukasirika, pengine aliona fahari kushukiwa.

"Boss, mimi hiyo nyumba nilitaka kuinunua kitambo. Huyo mama alinifukuza na mwiko, mbele ya watu. Sasa nephew wake hata simu yangu hashiki, ashapatana na hao wa maghorofa." Akawasha gari, kisha akalizima. "Nilienda kumpa pole, unajua. Nilikuwa nimebeba mkate na maziwa. Nikafungiwa mlango usoni. Sijawahi kuona matanga ya hivyo."

Ciza akamtoa Ngugi katika hesabu zake. Mtu anayetaka kuiba nyumba hajisumbui kubeba maziwa.

Kesho yake alasiri, kama alivyoagana na Abdulnasir kwa simu, alibonyeza kengele ya nyumba ya pembeni. Ilikuwa Novemba, jua linajifia mapema bila kuaga mtu. Abdulnasir alifungua mwenyewe. Baada ya kutamka mkutanoni kwamba shangazi yake ana haki ya kusikika, asingeweza kumfukuza mgeni wazi wazi, na Ciza alilijua hilo.

"Karibu, Mzee Félicien. Viatu hapo, please. Auntie atakusikia, lakini from behind the curtain. Si unajua, eda. Haonani na wanaume."

Kioo chekundu juu ya mlango kilikuwa kimemwaga doa la nuru kwenye vigae vya ukumbini, na Ciza akajikuta analikwepa asilikanyage. Ngazi zilipanda kulia kwake na kumezwa na giza. Kwenye ngazi ya chini palikuwa na sinia, na juu yake bakuli la uji mwepesi lenye mrija wa kunywea.

"Breakfast yangu, samahani," Abdulnasir alisema, akaliondoa haraka. Ilikuwa inakaribia saa kumi jioni.

Sebuleni Ciza aliketishwa mbele ya pazia zito lililotenga chumba cha mbele na cha nyuma. Nyuma ya pazia hilo kiti kililia. Kulikuwa na mtu.

"Shikamoo, Maman Jokha," alisema Ciza. Salamu hiyo alikuwa ameiokota Birmingham. Kwao Bukavu haipo.

"Marahaba, baba." Ilikuwa sauti ile ile ya ukumbini.

"Maman Zainab ananituma. Anauliza juu ya nini unamufungia mulango."

"Mwambie nimemsamehe. Aache kuniletea mambo ya majumba."

"Alinipa swali moja, kusudi ahakikishe ni wewe. Siku ya maziko alikuletea nini?"

"Kisamvu cha nazi. Hakikuwa na chumvi, sikumwambia."

Jibu lilikuwa sahihi, na Bi Zainab mwenyewe alikuwa amekwisha kumkiria Ciza juu ya ile chumvi. Kiti kikalia tena, na safari hii harufu tamu ya moshi ikapenya pazia, ikamfikia Ciza puani. Ikafifia. Yule mwanamke alipojisogeza, ikaja upya. Mara Ciza akawa mtoto tena, katika kanisa kuu la kwao, anamtazama padri akilizungushia moshi jeneza la baba yake. Akashusha sauti bila kukusudia. Harufu ile ilimtia huruma, na huruma ni msaidizi mbaya wa mpelelezi.

"Maman, swali la mwisho. Juu ya nini unataka nyumba ivunjwe?"

Pazia likatikisika kidogo.

"Kwa sababu Makungu hajatoka," ikasema sauti. "Usiku nasikia anatembea huko juu."

Na huko juu kitu kikagonga. Mara moja, kisha tena. Kilikuwa mbali na dhaifu, mtu angeweza kukidhania ni moyo wake mwenyewe. Papo hapo mwanamke akaanza kusoma dua kwa sauti kubwa, na Abdulnasir akacheka kicheko kifupi.

"Pipes. Ndiyo hiyo historia wanayotaka kuihifadhi."

Ciza naye akatabasamu, maana mabomba ya ofisini kwake Digbeth yalikuwa na kelele hizo hizo. Akaaga. Alipofika nje alivuta pumzi kama aliyetoka majini, akajionea aibu. Sauti ipo, majibu ni sahihi, mjane anaomboleza. Kilichobaki ni kumwambia Bi Zainab kwamba rafiki yake yu hai ila amemchoka, na kazi hiyo aliiogopa kuliko lile giza la ngazini.

Bi Zainab alikuwa akimngoja nyumba ya pili, kwa Rita. Televisheni ilikuwa inanguruma kiasi cha kutikisa vikombe. Rita alisema huiweka hivyo kila jioni, na hakusema kwa nini.

Ciza akatoa taarifa yake, ya mwanzo hadi ya mwisho. Bi Zainab alisikiliza kwa utulivu. Ilipofika habari ya kisamvu, machozi yakamlenga.

"Basi ni yeye," alisema. "Kanichoka kweli."

"Pole, Maman. Huzuni ni mingi mule ndani. Nyumba yote inanuka encens, kama kanisani siku ya kuzika mutu."

Bi Zainab alikuwa ananyanyua kikombe. Akakirudisha kwenye kisahani.

"Inanuka nini?"

"Ule moshi wa kuchoma. Ubani."

"Ubani, au udi?"

"Haiko kitu kimoja?"

"Hasha, si kitu kimoja." Akauvua mtandio wake, akamsogezea upindo. "Ubani tunamchomea maiti. Huu ni udi. Nusa."

Ciza akanusa. Ulikuwa utamu ule ule, wenye sukari na waridi ndani yake, na haukufanana kabisa na moshi wa kanisani. Alikuwa amesikia alichozoea kusikia.

"Njo huu," alisema polepole. "Na haukuwa wa chumba. Ulikuwa unatoka kwake. Kila akisogea, unakuja."

"Basi kajifukiza. Nguo zake, mwili wake." Bi Zainab alikuwa amesimama sasa. "Mwanangu, mjane aliye edani hajifukizi udi. Hajitii manukato, hapaki wanja, hagusi hina. Jokha hakosi sala, ataivunja eda ya mumewe kwa ajili yako wewe?"

"Donc yule mwanamuke si mujane."

"Yule ni mwanamke aliyeambiwa mgeni anakuja. Kwetu mgeni akija unajifukiza, mama yako kakufunza hivyo tangu u mtoto, wala hufikiri. Mazoea yana taabu." Akakaa tena, ghafla. "Asmahan. Ni Asmahan. Harusini kwa binti yangu alimwigiza Jokha, sauti na mwendo, sote tukacheka mpaka tukalia. Na kisamvu kile alikipakua yeye mwenyewe."

Ciza hakuwa na muda wa kujilaumu. Kikulacho ki nguoni mwako, Waswahili walishasema, na Bi Jokha alikuwa amewafungulia mlango kwa mkono wake. Swali lililobaki lilikuwa moja, na wote wawili waliliogopa. Kama nyuma ya pazia alikuwa Asmahan, Bi Jokha yuko wapi?

Wakati huo Rita akainua kidhibiti, akaongeza sauti ya televisheni, ingawa ilikwisha kuwa juu.

"Kwa nini umeongeza?" Ciza alimuuliza kwa Kiingereza.

"Kimeanza," alisema Rita. "Tangu Makungu azikwe. Ni yeye, najua ni yeye, na mimi sina la kumwambia."

"Zima."

"Tafadhali."

"Zima, Rita."

Chumba kikawa kimya. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Kisha, kutoka juu, upande wa ukuta ulioshikana na nyumba ya pembeni, kikaja kile alichokisikia Ciza alasiri ile. Sasa hakukuwa na dua ya kukifunika. Mdundo mmoja, mwingine, kisha mitatu ya haraka. Kimya. Mmoja, mwingine, kisha mitatu ya haraka.

Bi Zainab akaweka mkono kinywani.

"Daku," alisema.

"Nini?"

"Hiyo ni ngoma ya daku. Kwetu mwezi wa Ramadhani hupigwa mitaani kabla ya alfajiri, watu waamke wale kabla ya kufunga." Alikuwa ameishika mikono ya Ciza na kuibana. "Tulipokuja mwanzo, mie na mume wangu tulipanga chumba cha juu humu humu, kwa mamake Rita. Jokha alikuwa ng'ambo ya ukuta. Aliyetangulia kuamka alimgongea mwenziwe kwa mchi wa kinu. Hivyo hivyo. Makungu hakuwahi kugonga hata siku moja, yeye alikuwa wa kuamshwa."

Walipanda ngazi, Bi Zainab mbele na magoti yake mabovu, Rita nyuma amejishikilia kwenye kitasa kila anapofika mlango. Chumba cha nyuma kilikuwa baridi, kimejaa masanduku. Ciza akayasukuma hadi ukuta ukaonekana. Bi Zainab akapiga magoti, akakunja ngumi, akagonga. Mmoja, mwingine, mitatu ya haraka.

Kisha jibu likaja, karibu sana, chini, usawa wa kitanda. Mmoja. Mwingine. Mitatu, wa mwisho umechelewa.

"Jokha!" aliita Bi Zainab. "Jokha, ni mie Zainab. Sema nami!"

Hakuna sauti iliyojibu. Ukuta ukagonga tena.

"Anatusikia," alisema Ciza. "Anajibu. Lakini hasemi." Na lile bakuli kwenye ngazi likamrudia: uji mwepesi, mrija, chakula kinachopanda juu wakati mwenye nyumba ati ameketi chini. "Maman, mutu mukubwa anakunywa uji na mrija juu ya nini?"

Bi Zainab hakuhitaji kufikiri. "Mama yangu tulimnywesha hivyo alipopata kiharusi. Mdomo ulikwenda upande, na ulimi ukafa." Akaliegemeza paji la uso ukutani. "Ya Rabbi. Kapata huo ugonjwa peke yake, wasimwitie hata daktari. Daktari angeuliza maswali."

Kijana alihitaji kinywa cha mwenye nyumba, na kinywa kilipokufa akakodi cha mkewe. Eda ikamfanyia ulinzi bure. Watu wenye heshima walikuwa wameinamisha macho, kila mmoja kwa heshima yake, na nyuma ya heshima hiyo mwanamke mzee alikuwa analala na mkono mmoja unaofanya kazi.

Ciza akatoa simu. Aliomba gari la wagonjwa na polisi, akataja anwani mbili, akaeleza kwa sentensi fupi, akarudia neno "amefungiwa" mpaka aliyemsikiliza akaacha kumkatiza. Kisha akaenda kusimama dirishani, ambapo aliweza kuuona mlango wa nyumba ya pembeni na gari la Abdulnasir.

"Wanakuja," alisema.

Rita alikuwa amebaki mlangoni. Hakuelewa Kiswahili, lakini hakuhitaji mkalimani.

"Alikuwa ananiita," alisema. "Na mimi nikaongeza televisheni."

"Hukujua," Bi Zainab alimjibu kwa Kiingereza chake, bila kugeuka. Alikuwa bado anagonga. "Wale wa halmashauri walitaka neno la mwenye nyumba. Ndilo hili analolisema kila siku."

Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Alisimama kupumzisha mkono, na papo hapo ukuta ukamwita, haraka haraka, kwa hofu ya mtu anayedhani ameachwa tena. Rita akaingia chumbani, akapiga magoti kando yake kwa shida, akavua pete, akaanza kugonga.